Uzi wa Pima Tatu

Ouma, kaka yangu mkubwa, aligawa vitu vya baba wiki ya pili baada ya mazishi. Yeye alichukua mkasi wa bati, nyundo tatu na fuawe, kwa sababu ndiye aliyerithi kazi. Mama alibaki na koti. Mimi, ambaye kwetu ninajulikana kama yule anayeandika tu, nilipewa sanduku dogo la bati. Ouma alinihakikishia kwamba lina karatasi.

Halikuwa na karatasi hata moja. Lilikuwa na miwani iliyokatika mkono mmoja, kipande cha risasi ya kulehemia chenye umbo la kidole, na uzi mrefu wa pamba uliokunjwa kama nywele za mtoto aliyesukwa vibaya. Nilipofungua kifuniko, harufu ikanipiga usoni: risasi, mafuta ya taa, na kwa mbali sana, kama mtu anayeita kutoka chumba cha tatu, omena, vile vidagaa vya ziwani. Nililifunga tena haraka. Nina zaidi ya miaka hamsini, nimefundisha watu wazima jinsi ya kuukabili ukweli katika uandishi, na niliogopa uzi.

Uzi ule niliujua. Niliwahi kuufua.

Tulikuwa tukikaa Laini Saba, Kibera, karibu na reli, kiasi kwamba treni ya jioni ilipopita vikombe vilisogea mezani bila kuguswa. Karakana ya baba ilikuwa mbele ya nyumba: mabati manne juu ya nguzo, na chini yake sauti. Alitengeneza koroboi, masanduku ya shule, karai, majiko, na mabomba ya kukinga maji ya mvua. Mimi nililala, niliamka na kufanya hesabu za shule nikisikia nyundo, na hata leo nikiwa mahali penye kimya kabisa huwa nahisi kuna mtu amekasirika.

Baba alitoka kisiwani, ziwani huko. Kwenye ncha ya kisiwa kulikuwa na mnara wa taa uliojengwa na wazungu zamani kwa ajili ya meli zao. Meli zilikwisha, wazungu wakaondoka, mnara ukabaki, na babu yangu akabaki nao. Alikuwa mlinzi wa taa. Hata ilipofika siku ambapo hakuna aliyemletea mafuta wala mshahara, aliendelea kupanda ngazi kila jioni na kibuyu cha mafuta ya taa ambacho wavuvi walikijaza kwa zamu. Alitaka baba airithi ile taa. Baba alikuwa kijana, akaona kwamba kukaa na moto mmoja maisha yote si maisha, akatoroka akaja Nairobi kuwatengenezea watu taa ndogo ndogo za koroboi. Nadhani hata yeye alikuwa akiliona hilo kuwa la kuchekesha, ingawa hakuwahi kucheka. Yeye na babu hawakuwa wamezungumza tangu hapo. Walitumiana salamu kupitia watu, na salamu zenyewe zilikuwa fupi.

Kisha upepo ukang'oa paa la mnara. Lilikuwa kofia ya shaba, na ilianguka majini ikazama. Mvua ikaanza kuingia ndani, mawe yakaanza kulegea. Akaja mkaguzi mmoja, akatazama juu, akatazama chini, akaandika kwamba mnara ni hatari kwa watu. Ikiwa hautakuwa na paa kabla ya mvua kubwa, utabomolewa.

Habari hizo zilitufikia kupitia kwa Mama Risper, muuza samaki wa Gatwekera, aliyekuwa mwenyekiti wa kikundi cha watu wa kisiwani waishio Nairobi. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Alisimama mbele ya karakana, beseni la samaki kichwani, akayasema yote bila kulitua.

"Kule nyumbani wamama wanabeba mchanga na chokaa. Vijana wanapanga ngazi. Wametuambia sisi wa Nairobi tufanye kofia."

Baba aliendelea kugonga.

"Baba Ouma, nakuongelesha."

"Nasikia. Mafundi wa bati ni wengi."

"Ni wengi, lakini mzee hajawatumia hao wengine hii." Akatoa mfuko wa omena, akaingiza mkono mpaka kiwikoni, akavuta uzi.

Babu hakujua mita wala futi, na alizidharau. Alipima kama wanavyopima wafumaji wa nyavu wa kwetu: kwa mikono yake mwenyewe, iliyonyooshwa kutoka ncha ya kidole mpaka ncha ya kidole, fundo moja mwanzoni, kisha fundo moja mwisho wa kila pima. Alikuwa ameuzungusha uzi mpya wa kufumia kwenye ukingo wa juu wa mnara, na mnara ulikuwa pima tatu kamili. Akatia uzi ndani ya omena na kuutuma. Hakuandika barua.

Baba aliweka nyundo chini. Alifuta mikono kwenye suruali, akashika fundo la kwanza kwa vidole vya kushoto, la pili kwa vidole vya kulia, akanyoosha mikono kifuani. Uzi ukakaza. Ulimtosha kabisa, bila kulegea, bila kubana. Akahamia pima ya pili, kisha ya tatu. Zote zilimtosha.

"Nina mikono ya yule mzee," alisema, kama mtu aliyepokea habari asiyoitaka.

"Na kichwa chake pia," Mama Risper akamjibu. "Sasa useme kama utafanya ama hufanyi, samaki wangu wanaharibika."

Tangu siku hiyo uzi ulining'inia karakanani, kutoka msumari ulio karibu na mlango hadi msumari ulio kwenye nguzo ya mwisho, na kurudi. Kila alipotaka kuanza jambo lolote linalohusu kofia, baba aliushusha na kuunyoosha kifuani kwanza. Mimi niliichukulia kuwa sala.

Hapa lazima nikiri kosa langu la kwanza, kwa maana yalikuwa mawili. Niliamini kwamba taa ya kisiwani ilionekana kutoka kwetu.

Sikulibuni jambo hilo. Baba aliwahi kusema kwamba taa ile ilionekana mbali kuliko jicho linavyostahili. Na kweli, nikipanda tuta la reli wakati jua limezama na moshi wa jioni umelala juu ya mabati kama shuka lililotandikwa, niliona upande wa machweo taa moja, peke yake, juu ya kilima. Nyingine zote zilikuwa chini, zimejikusanya. Hii ilisimama. Ilikuwa ya manjano, na mara kwa mara ilipepesa. Nilijua ziwa liko upande huo kwa sababu ndiko treni zilikoenda. Kwa hiyo nilijua pia kwamba yule ni babu. Nilimsalimia kila jioni. Nilimwambia oimore, naye akapepesa, na mimi nikarudi nyumbani nikiwa na uhakika kwamba kati ya watoto wote wa Laini Saba ni mimi tu mwenye babu anayeonekana kwa macho.

Siku moja baba aliniambia tunakwenda Kawangware kutafuta shaba. Kulikuwa na mwenye ploti huko, Baba Wambui, aliyenunua boila kubwa la maji moto kutoka nyumba ya mzungu iliyobomolewa. Tulitembea. Tulipanda na kushuka, tukapita mashamba madogo ya mahindi yaliyobanwa kati ya nyumba za kupangisha, tukafika jioni inapoingia. Baba Wambui alikuwa mzee mfupi aliyevaa koti zito na buti za mpira. Boila lilikuwa pembeni mwa banda la kuku, limekatwa mdomo, limejaa chakula cha kuku.

Baba alimweleza yote: kisiwa, mnara, mvua. Baba Wambui alisikiliza akitafuna kijiti.

"Fundi, mimi sijawahi kuliona hilo ziwa lenu. Hiyo taa itanisaidia nini mimi hapa Kawangware? Kuku wangu hawaendi kuvua."

"Haitakusaidia, mzee. Itasaidia watu ambao hata hawatajua jina lako."

"Sasa hiyo ndiyo mbaya hata zaidi."

Wakacheka kwa adabu, ile adabu ya watu ambao tayari wanajua kwamba jibu ni hapana. Wakati huo Baba Wambui alinyoosha mkono ukutani, akabonyeza kitu, na juu ya vichwa vyetu, kwenye nguzo iliyosimama kando ya tangi la maji, balbu ikawaka ndani ya beseni lililotobolewa. Ilikuwa ya manjano. Ilipepesa.

Niligeuka nikatazama tulikotoka. Chini kule, mbali, niliona moshi wetu. Niliitazama tena balbu. Nikaanza kulia, si kwa sauti, bali kile kilio cha ndani kinachotikisa mabega.

"Na huyu kairitu, msichana mzima, analia nini?" Baba Wambui akauliza. "Amepigwa na kuku?"

"Hii ndiyo taa ya babu yangu," nilisema.

Baba alijaribu kuninyamazisha, lakini mzee alimzuia kwa kijiti. "Wacha aseme."

Nikamwambia kwamba tunaiona kutoka reli. Kwamba huwa naisalimia.

"Mnaiona? Hii? Kutoka Kibera?"

"Kila jioni."

"Na unaiambia nini?"

"Oimore."

"Na inaitikia?"

"Inapepesa."

Baba Wambui aliitazama balbu yake kwa muda mrefu. "Hiyo ni waya mbaya," alisema hatimaye, kwa sauti ya chini, kama anayeomba radhi. Kuku walikuwa wakijipanga kulala. "Mimi niliweka hii kwa sababu ya wezi wa maji. Sikujua kuna mtu anaiangalia."

Kisha akaenda kwenye boila, akaliinamisha kwa bega, akamwaga chakula chote cha kuku chini. Kuku waliosinzia wakaamka wakidhani kumekucha.

"Chukua, fundi. Lakini utanitengenezea kofia ya hii yangu pia. Kama kuna watu wanaangalia, lazima ikae safi."

Baba alifunga boila mgongoni kwa kamba, na tukaanza kurudi. Mimi nilikuwa bado nina kwikwi. Nadhani ndiyo sababu alizungumza, yeye ambaye siku zote aliacha nyundo imsemee. Alinieleza jinsi babu alivyokuwa akimwamsha alfajiri, akiwa mdogo kama mimi, wapande kusafisha vioo. Kwanza kwa jivu, kisha kwa maji, kisha kwa kitambaa kikavu. Taa haipendi uchafu, babu alikuwa akisema. Alama moja ya kidole juu ya kioo, huku ni kidole, huko majini ni mlima mweusi, na mtu anaugeukia na kupotea. Niliuliza kama mtu aliwahi kupotea. Boila lilikuwa likigonga mgongoni mwake kwa kila hatua, kama kengele iliyofunikwa.

"Siku ile niliyotoroka," alisema, "sikusafisha."

Akaisogeza kamba ya boila begani. Nilitembea hadi nyumbani na wazo moja kichwani: uzi ule ulikuwa mchafu. Ulinuka omena. Ulikuwa na masizi ya karakana na alama za vidole vyeusi vya baba mahali pote. Uzi wa taa isiyopenda uchafu!

Mama alikuwa akiwafulia watu nguo kule mtaa wa Olympic, na kwa hiyo nilikuwa nimelelewa na mtaalamu. Kesho yake baba alipokwenda kutafuta makaa ya kuchomea risasi, nilipanda kiti nikaushusha uzi. Nilichemsha maji. Nilikata sabuni ya kipande. Nilifikicha fundo kwa fundo, nikasuuza mara tatu kama mama, nikakamua, nikauanika juani juu ya mabati ya moto. Katika maisha yangu yote sijawahi kufua kitu chochote vizuri namna ile. Mume wangu ni shahidi. Ulikauka ukiwa mweupe kama unga.

Kisha nikaenda kuurudisha. Nikaufunga kwenye msumari wa mlangoni, nikauvuta hadi kwenye nguzo ya mwisho, nikaurudisha. Haukufika. Ulikuwa umebakisha shibiri nzima.

Kwanza nilidhani msumari umehama. Nikavuta zaidi. Shibiri ile haikuisha. Na hapo ndipo lilipozaliwa kosa langu la pili, ambalo lilikuwa kubwa kuliko la kwanza. Mtu mzima angefikiri: uzi umerudi, umefupika, kofia itakuwa ndogo. Mimi sikufikiri hivyo. Mimi nilielewa kwamba nimeupunguza mnara. Uzi ulikuwa umezungushwa kwenye mnara, ulikuwa umeijua ngozi yake, na sasa huko kisiwani, kwa sababu ya maji yangu ya moto, mawe yalikuwa yanasogeleana polepole, ngazi zikijikunja, vioo vikibanana, na babu yangu ndani yake, na kibuyu chake cha mafuta, magoti yakimfika kidevuni, akishangaa ni nani anayembana.

Niliuona waziwazi. Hata leo nikifumba macho ninauona: mnara mwembamba kama mshumaa, juu ya maji yasiyo na sauti, na mzee mrefu amekunjwa ndani yake kama nguo.

Niliukunja uzi, nikauning'iniza kwenye msumari mmoja tu, nikakaa mlangoni kungoja dunia iishe.

Baba alirudi jioni. Tulikula. Treni ikapita, vikombe vikasogea. Asubuhi nilipokuwa navaa viatu vya shule niliona kamba ya kiatu cha kushoto imekatwa, kipande kizima hakipo. Mama aligomba. Ni panya, alisema, panya wa Laini Saba sasa wanakula hata kamba za viatu, kesho watavaa viatu vyenyewe. Baba alikuwa amempa mgongo, akikunjua shaba ya boila juu ya fuawe.

"Panya wa siku hizi wanabeba kila kitu," alisema.

Muhula mzima nilitembea na kiatu kilichofungwa matundu mawili tu.

Kazi ilichukua majuma kadhaa. Boila lilifunguka likawa bati la shaba, likang'aa kama kitu kilichotoka tumboni mwa jua. Watu wa kikundi walileta walivyokuwa navyo: bomba bovu, kitasa, birika lililotoboka, vipande vya risasi. Kila jioni walikuja kukaa na baba. Na hapa inabidi nieleze kwamba kikundi chetu kilijua kufanya kitu kimoja tu kwa pamoja, nacho ni kusafirisha maiti nyumbani. Hawakuwa na ratiba nyingine. Kwa hiyo walipopewa kofia waliifanyia yaleyale: vikao saba vya jioni, chai kwa sufuria kubwa, nyimbo za kanisani, mwombaji, na wasindikizaji waliochaguliwa kwa kupigiwa kura. Wapita njia walipunguza mwendo.

"Poleni sana," walisema.

"Asanteni," tuliitikia, kwa sababu maelezo yangekuwa marefu.

Mimi peke yangu ndiye niliyeyaona matanga hayo kuwa ya kweli. Nilikuwa nimemuua babu kwa sabuni, na watu walikuwa wameshajua, na walikuwa wananificha. Jioni moja nilijikaza nikamwendea baba akiwa anapasha moto chuma cha kulehemia.

"Baba, kama mnara umepungua je?"

Alinitazama. Alikuwa na namna ya kutazama kana kwamba anatafuta tundu kwenye sufuria, anakuinua kidogo kuelekea kwenye mwanga.

"Mnara haupungui, nyathina. Vitu vingine ndivyo hupungua."

"Na vikipungua?"

"Fundi anaongeza."

Akagusisha chuma kwenye risasi, moshi ukapanda, na sikumwelewa. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikaomba. Niliahidi mambo ambayo sijayatimiza mpaka leo.

Siku ya kuipeleka, kofia ilivikwa shuka jeupe la Mama Risper. Ilikuwa kubwa kuliko njia yoyote ya mtaa wetu, kwa hiyo wanaume sita waliibeba mabegani juu ya reli yenyewe, na sisi wengine tukafuata nyuma tukiimba. Wachuuzi walihamisha nyanya zao. Mzee mmoja alivua kofia. Vijana waliokuwa wakicheza karata kwenye tuta walisimama.

"Maze, huyu aliyekufa alikuwa mnene," mmoja wao alisema.

"Hajafa mtu!" Mama Risper akamfokea. "Hii ni kofia!"

"Kofia ya nani, mathe?"

"Ya mzee mmoja mrefu sana. Toka njiani."

Wakatoka njiani. Wakatufuata pia, kwa sababu hawakuwa na la kufanya, na mmoja wao akampokea mbebaji aliyechoka. Tulifika kituo cha mabasi ya mbali tukiwa wengi mara tatu kuliko tulivyoondoka. Kofia ikapandishwa juu ya basi, pale yanapowekwa masanduku ya maiti, na ikafungwa kwa kamba zilezile. Basi lilipoondoka shuka liliteleza upande mmoja, shaba ikashika jua, na mpaka lilipopinda kona tuliona kitu kinachowaka juu yake.

Baba hakwenda. Alisema ana kazi. Alikwenda Kawangware kumfungia Baba Wambui kofia ya balbu yake, kisha akarudi akakaa karakanani, na kwa siku nyingi sikusikia nyundo. Hapo ndipo nilipojua kwamba kuna ukimya mbaya kuliko kelele. Kama kofia isingekaa, mnara ungebomolewa, na babu angejua kwamba mwanawe alishindwa tena, mara ya pili, kwa jambo lilelile. Nilikuwa mtoto lakini hilo nililielewa sawasawa. Tena nilijua ni nani angekuwa amesababisha.

Mama Risper alirudi na wasindikizaji jioni moja yenye vumbi. Hakuwa na beseni kichwani, na bila beseni alionekana mfupi. Baba alisimama.

"Waliipandisha kwa kamba," alianza. "Upepo ulikuwa unaichezea. Mimi nilifumba macho. Niliposikia imegonga jiwe nikafumbua. Imekaa, Baba Ouma. Imeingia kama mguu kwa kiatu."

Baba akauliza, "Na mzee?"

"Alipanda mwenyewe. Akaizunguka yote na mkono. Akaigonga hivi, na kidole."

"Akasema nini?"

"Unajua vile yeye haongei."

"Akasema nini, Mama Risper?"

"Alisema, imetosha."

Baba aliketi juu ya fuawe. Alifunika uso kwa viganja viwili vyeusi, na alipoviondoa alikuwa amejipaka masizi toka paji la uso hadi kidevuni, na mama akacheka, na Mama Risper akacheka, na mimi nikakimbilia kwenye tuta. Taa ya Kawangware ilikuwa inawaka chini ya kofia yake mpya. Haikupepesa. Nilijua ni balbu, nilijua ni ya wezi wa maji. Niliisalimia hata hivyo, kisha nikamshukuru Mungu kwa kuupanua mnara kwa shibiri moja.

Niliishi na muujiza huo. Chuoni, nilipokuwa najifunza kutoamini vitu, niliuweka kando kama mtu anavyoweka akiba. Baba alirudi nyumbani mara mbili baada ya hapo: mara ya kwanza kwa miguu yake, kukaa na babu msimu mzima, na mara ya pili mwezi uliopita, juu ya basi. Tumemzika mahali mnara unapoonekana. Kofia imegeuka rangi ya kijani, kama majani ya ziwani. Taa ni ya sola siku hizi, na kikundi cha vijana wa kisiwani ndicho kinachoitunza. Wanapanda kuusafisha ubao wake kwa zamu, na mmoja wao alinieleza kwa fahari kwamba hawatumii jivu tena.

Jana nililifungua tena sanduku. Nilikaa sebuleni kwangu, hapa Olympic, umbali wa kutembea kutoka pale mama alipokuwa akifulia watu, nikaukunjua uzi sakafuni. Fundo la kwanza. La pili. La tatu. La nne, ambapo pima ya tatu inaishia. Na baada ya fundo la nne, kitu ambacho hakikuwa uzi: kamba ya kiatu, ya kahawia, iliyofungwa kwa fundo dogo la wafuma nyavu, yenye urefu wa shibiri moja. Kile kibomba cha plastiki cha ncha yake bado kilikuwepo. Nilikuwa na tabia ya kukitafuna. Alama za meno zipo.

Nilishika mafundo mawili ya kwanza nikanyoosha mikono kifuani, kama yeye. Uzi ulikataa. Mikono yangu ilitaka kuendelea, na uzi ulikuwa umefika mwisho, vidole vinne kabla. Kumbe hata mimi nina mikono ya yule mzee. Pima tatu, vidole vinne kila moja. Hata mimi, niliyeanguka hesabu mara mbili, niliweza kujumlisha: vidole kumi na viwili, shibiri moja. Alikuwa amesimama karakanani jioni ile ile, akanyoosha mikono ya baba yake, akaona. Kisha akanusa sabuni. Kisha akatembea mpaka mlangoni, ambapo viatu vyetu vilipangwa, vya Ouma na vyangu, na hakukata kamba ya Ouma.

Binti yangu mdogo aliingia akanikuta nimesimama katikati ya nyumba, mikono imetanuliwa, uzi umenikaza kifuani.

"Mum, unafanya nini?"

"Napima."

"Unapima nini?"

Nikamwambia aweke simu chini, avue viatu, asimame wima na anyooshe mikono yake.